Jibu: Mtoto wa miaka 4 na "kile kidude"

Salaam aleikum, dada. Umesema mwanao huongea sana, ila akifika kwenye jina la kitu hukwama: "nipe kile kidude". Wangu alikuwa hivyo hivyo, tukikaa Majengo.

Kwanza masikio. Mpeleke akapimwe kabla ya lolote. Maji yakikaa ndani ya sikio mtoto husikia nusu nusu, wala hawezi kukueleza.

Akiwa anasikia vizuri, mjaribu jikoni. Weka mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui na upawa, umwambie akupe kifumbu. Akikuletea sawasawa, basi neno analo ila halipati upesi anapolitaka. Asipokijua, hajalishika bado, na dawa yake ni kulisikia mara nyingi mkiwa kazini.

Wangu nilimtajia kazi ya kitu, "twakunia nazi", akishindwa nampa mwanzo: "mbu..." Hapo mimi hungoja, hata nikihesabu moyoni hadi kumi. Bibi yake alikuwa akimrukia na jibu, ikabidi nimuombe kwa adabu.

Kukwama mara moja moja kwa umri huo ni kawaida. Ila akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, muone daktari wiki hiyo hiyo.