Sauti kavu ya redio ya setilaiti: usikimbilie spika

Ndugu, umeuliza kama ubadilishe spika kwa sababu chaneli za muziki za SiriusXM, redio ya setilaiti ya kulipia ya Marekani, zinasikika kavu garini. Usinunue kitu bado. Huduma hiyo ina masafa ya megahezi 25 tu, 2320 hadi 2345, na chaneli ni nyingi mno, kwa hiyo data ya sauti ya kila moja inabanwa sana ili zote zitoshe. Matoazi na makofi huharibika kwanza. Husikika kama maji yanayochuruzika. Spika bora itaianika kasoro hiyo zaidi! Punguza trebo (sauti nyembamba za juu) kidogo, kisha fungua chaneli ileile kwenye programu yao ya simu, ukichagua ubora wa juu. Utasikia tofauti.

Antena haihusiki na ukavu: ishara ya dijitali ikidhoofu, sauti hukatika kabisa. Ikikatika barabarani, bandika antena ya sumaku juu ya bati la paa, angalau sentimita 8 kutoka ukingoni, mbali na keria.

Kuhusu nyimbo kujirudia, chaneli za vibao vipya hufanya hivyo makusudi. Jaribu chaneli yao ya Deep Tracks: inacheza roki ya zamani ambayo stesheni za kawaida huiruka, na kwa msikilizaji mwenye subira ni hazina kweli.