Mashua Tanga: bei ya Januari si bei ya Julai

Mkuu, umeuliza kama milioni 9 zako zinatosha mashua yenye mashine hapa Tanga, na kama uichukue sasa hivi Januari ile uliyoonyeshwa Tongoni au usubiri. La kutosha sitakujibu, hujasema futi ngapi wala mashine gani. La kusubiri naliweza, maana nimenunua vyombo vitatu na kuuza viwili, vyote kati ya Sahare na Kigombe, na kimoja kilinitoa jasho.

Bei ya chombo huku inafuata upepo. Kaskazi ikishakaa, Desemba mpaka Machi, watu wanatoka hadi mkondo wa Pemba, wageni wa dago (wavuvi wanaohamia kambi) wanaingia, na soko la samaki la Deep Sea asubuhi hapapitiki. Nani atakuuzia mashua inayomlisha? Januari kweli ina ada na sare za watoto, utamkuta mtu anasema "lete hela leo leo". Lakini mvuvi akibanwa huanza kuuza nyavu, au huchukua hela kwa mchuuzi wake wa samaki amlipe kidogo kidogo. Chombo huwa cha mwisho kutoka. Kikitoka mapema, jiulize.

Ikija masika, halafu kusi, mambo yanageuka. Juni na Julai bahari inachafuka, ngalawa zinavua ndani ya miamba tu, mashua nyingi zinapandishwa pwani. Tajiri, yaani mwenye chombo, hana mgao, na nyumbani wanakula vilevile. Hapo dalali anakutafuta mwenyewe. Mashua yangu ya pili niliinunua Julai. Mwenyewe alianza na milioni 6, tukamalizana kwa 4 na laki 2. Nikajiona mjanja wa Tanga nzima.

Kumbe ilikuwa juu ya mchanga tangu Aprili. Mbao zikikauka zinasinyaa, pamba ya kalafati (ya kuziba kati ya mbao) inalegea, na kwa macho huwezi kutofautisha uwazi wa jua na uwazi wa ubovu. Jamaa akaniambia, "Ikilowa itaziba yenyewe, ndugu yangu." Na hakudanganya kabisa, zipo zinazoziba. Yangu tuliishua, siku ya tatu bado tunakumba maji kwa zamu. Nikamwita fundi. Akawa anagonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo, anasikiliza, anasogea. Alipofika chini karibu na mkuku (mti mkuu wa chini) akanyamaza. Wadudu walishakula. Mbao nne, mataruma (mbavu za chombo) mawili, misumari, pamba, sifa (mafuta ya samaki ya kupaka) na ufundi: milioni 1 na laki 7. Juu yake miezi miwili ya kumlipa mlinzi bila kuona hata kibua. Piga hesabu, uone ule ujanja wangu wa Julai ulikwenda wapi.

Tangu hapo mimi napatana bei wakati wa kusi, natanguliza kidogo, na simalizi mpaka chombo kimelala majini siku mbili tatu. Ukaguzi ufanye bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakijaa mnakisogeza juu, yakitoka kinabaki kikavu, unaingia chini yake na fundi wako mwenyewe (si wa muuzaji, tafadhali) mnagonga. Muuzaji akikataa hilo, mwachie.

Ukinibana nikutajie mwezi, nasema mwisho wa Septemba kuingia Oktoba. Kusi imeshalegea, unaweza kutoka nacho baharini ukakiona kinavyokwenda, na wanunuzi wengine bado hawajaamka. Ikifika Novemba wote wanataka. Chombo changu cha kwanza nilikiuza Novemba, nikapata zaidi ya nilichonunulia, na sikuwa nimekigusa zaidi ya rangi.

Sasa mashine. Ipigie bei peke yake, bodi (mashua yenyewe bila mashine) peke yake. Bodi inafuata upepo, mashine inafuata dola. Mwaka 2024 dola ilipopita shilingi 2,600, mashine za mtumba zilipanda huku bodi zikibaki palepale, na nilimshuhudia mtu akilipia "mashua na mashine" wakati alichonunua ni mashine na kuni. Kinyume chake mwaka 2022, petroli ilipopita 3,000 kwa lita: wenye mashine kubwa walikuwa wanahesabu mafuta kabla ya samaki, wengine wakarudia tanga (la nguo, si mji). Mwaka huo mwenye mashine kubwa ndiye aliyekuwa analainika, wa mashine ndogo ya nguvu-farasi 15 alikaza. Kwa hiyo kabla ya kwenda kupatana, angalia bei ya mafuta ya mwezi huo.

Boti za faiba sizijui vya kutosha kukushauri, nimezipanda tu. Karatasi: leseni ya uvuvi ni ya mwaka, usifurahie ya mwaka jana, na jina kwenye usajili liwe la huyo anayepokea hela yako, si la shemeji yake.

Hiyo ya Tongoni umesema umeikuta chini ya mti wa mkungu, imefunikwa makuti, rangi mpya. Januari hii, kaskazi yote hii. Rudi uangalie chini yake kama nyasi zimeota. Halafu ndiyo umuulize ilitoka majini lini.