Helios au Takumar kwa picha za ziwani?

Ndugu yangu, kati ya lenzi mbili za zamani, Helios 44-2 na Super-Multi-Coated Takumar 50 mm f/1.4, kwa mitumbwi ya dagaa hapa Kigoma chukua Takumar. Jua letu linazama upande wa Kongo, kwa hiyo jioni pale Kibirizi unapiga ukilitazama usoni. Helios yangu, yenye utando wa kuzuia mng'ao wa tabaka moja tu juu ya kioo, hupauka hapohapo: weusi wa mtumbwi unakuwa kijivu. Takumar ina tabaka nyingi, weusi unabaki weusi.

Ila ikague kioo. Kina thoriamu, metali yenye mionzi hafifu iliyochanganywa humo, na kwa miaka mingi hugeuka njano kama chai ya rangi. Njano hiyo isikutishe. Iweke juani siku kadhaa, kioo cha nyuma kikielekea jua, mbali na pazia isije ikaunguza, na njano itapungua sana. Kuvu ndani ya lenzi ndiyo ya kukimbia.

Helios usiidharau lakini. Mkalishe bibi mbele ya mwembe kule Ujiji, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, f/2, majani nyuma yake yanazunguka kama maji ya kisulisuli. Takumar haikupi hiyo. Na zote hufungwa kwenye kamera kwa skrubu ya aina moja, M42, kwa hiyo kamera moja inatosha.