Ukoka kugeuka njano kando ya ukuta wa nyumba mpya

Ndugu, kama ukoka unastawi kwenye geti lakini kando ya kuta unageuka njano, usikimbilie mbolea. Chimba uone. Mara nyingi mafundi hufukia mabaki ya saruji hapo, na saruji huzidisha alkali kwenye udongo, hivyo nyasi zinashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo.

Toa kifusi chote, kisha tifua sentimita 20 kwa sururu na jembe, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ukiutifua ukiwa tope utapata mabonge magumu. Tandaza samadi iliyooza, unene wa sentimita 5, uchanganye. Kwa mita 50 za mraba ni kama toroli 40. Nyingi, ndiyo, lakini ukishapanda huwezi tena kuiingiza chini. Samadi mbichi achana nayo: huunguza mizizi na huleta magugu.

Sawazisha kwa reki, mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kutoka ukutani. Kanyaga mpaka nyayo zisizame zaidi ya sentimita 1. Mwagilia, subiri wiki mbili ndago zichomoze, uzing'oe pamoja na vinundu vyake. Ukizikatakata kwa jembe unazizidisha tu. Ndipo upande.