Sabufa inaunguruma hata ukizima mziki? Anza na kapasita ya pawa

Watu wengi sabufa ikianza ule mvumo wa "mmmmm" wanakimbilia kubadilisha IC ya ampu (chipu inayokuza sauti), hela inaenda na mvumo uko palepale. Hizi sabufa za transfoma nimezifungua sana na ushauri wangu ni mmoja, shusha volyumu mpaka mwisho kwanza usikilize. Kama mvumo haupungui basi nenda moja kwa moja kwenye ile kapasita kubwa iliyo baada ya daiodi (zile zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC), ila ukiona unapanda na kushuka na volyumu hapo angalia waya za kuingizia mziki.

Umeme wetu ni 50 Hz, ukishapita kwenye daiodi nne unatoka na mabonde 100 kila sekunde, sasa kapasita ndo inayafukia, inajaa volti zikipanda na inatoa zikishuka, kama simtanki maji yakikatika. Ikichoka mabonde yanafika mpaka kwenye spika.

Hesabu yake ni nyepesi, chukua ampea gawanya kwa 100, jibu gawanya tena kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. Ampu inayokula ampea 1 na kapasita ya mikrofaradi 2200 (yaani faradi 0.0022), volti zinacheza karibu 4.5, yaani nyingi mno, ukiweka 4700 zinacheza kama 2.1 na ukiweka 10000 inabaki 1. Lakini usiseme basi ngoja niweke likubwa kuliko yote, hapana, kila ukiongeza ukubwa daiodi na transfoma zinavutwa umeme mwingi kwa muda mfupi zaidi na zinachemka, kwa hiyo ongeza kwa kiasi.

Kupima weka mita kwenye volti za AC juu ya miguu ya kapasita huku sabufa inapiga, ukizidisha namba unayoona mara 3.5 hivi unapata volti zinacheza kiasi gani. Ila mita za bei rahisi nyingine zinadanganya, ipime kwanza kwenye betri ya volti 9 ikiwa bado kwenye AC, isiposoma sifuri usiiamini kwa kazi hii.

Wakati wa kununua usiangalie mikrofaradi tu. Transfoma ya volti 12 ikishapita daiodi inafika kama 15.5, na umeme wa mtaani ukizidi inapita hapo, kwa hiyo kapasita ya volti 16 achana nayo kabisa chukua ya 25. Chagua iliyoandikwa 105°C badala ya 85°C maana ndani ya boksi la sabufa kuna joto. Chanya na hasi usizigeuze, italipuka. Na kabla hujashika chochote chomoa plagi ukutani, halafu imalize chaji kwa rezista, kapasita ya ukubwa huu inabaki na umeme hata sabufa ikiwa imezimwa.