Maswali ya Wasomaji: Madhara ya Mionzi kwa Uvimbe wa Ubongo Usio wa Saratani

Mama yangu alitibiwa juzi kwa Gamma Knife, mashine inayoelekeza miale ya mionzi kwenye uvimbe wa ubongo. Leo ameamka kope zimevimba na paji la uso linamuuma. Je, mionzi imemchoma?

La. Tiba hii huitwa upasuaji wa mionzi, lakini fuvu halifunguliwi. Kinachomuuma ni fremu ya chuma iliyokazwa kichwani kwa skrubu nne baada ya kudungwa sindano za ganzi. Majimaji ya sehemu hizo huteremka hadi kwenye kope, na ndiyo sababu uso huweza kuvimba siku ya pili au ya tatu na kisha kunywea wenyewe. Mrudishe hospitalini iwapo vidonda vya skrubu vinatoa usaha au ana homa.

Niliondolewa wasiwasi baada ya matibabu ya mionzi ya meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo), lakini miezi sita baadaye mkono wa kulia umeanza kulegea, hata kikombe cha chai kinaniponyoka. Kwa nini sasa?

Kwa sababu mionzi hufanya kazi polepole. Huharibu vinasaba vya seli na kuta za mishipa midogo ya damu, kisha miezi mingi baadaye mishipa hiyo huanza kuvujisha maji katika ubongo ulio jirani, hasa meninjioma inapokuwa juu karibu na mstari wa kati wa kichwa. Wagonjwa wengi hawaambiwi jambo hili kwa msisitizo unaostahili, wakadhani kwamba wiki ya kwanza ikipita salama hatari imekwisha. Madaktari hutumia deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, kupunguza maji hayo. Dawa hiyo hupandisha sukari na kuondoa usingizi, wala haiachwi ghafla bila maelekezo ya daktari. Ukipata degedege, usisubiri siku ya kliniki.

Uvimbe wangu wa neva ya kusikia umeonekana mkubwa zaidi kwenye MRI (picha ya ndani ya kichwa) ya kwanza baada ya mionzi. Je, tiba imeshindwa?

Si lazima. Uvimbe wa aina hii mara nyingi hutanuka kwa muda katika mwaka wa kwanza au wa pili kabla ya kusinyaa au kutulia, kwa hiyo mkimbilia kisu kwa picha moja tu huenda akafanyiwa upasuaji asiouhitaji. Kwa dozi za siku hizi, takribani greyi (kipimo cha mionzi) 12 hadi 13, kupooza kwa uso kumekuwa nadra. Usikivu ni suala jingine: kwa wengi huendelea kufifia mwaka hadi mwaka, na ni haki yako kuelezwa hivyo bila kufichwa.

Je, mionzi yenyewe inaweza kuleta saratani?

Inaweza, ila ni kwa nadra sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wagonjwa 4,905 katika vituo kadhaa, ulikadiria chini ya mtu 1 kati ya 10,000 kwa mwaka.

Nilitibiwa kwa mionzi uvimbe wa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo na inayoongoza homoni za mwili, miaka minne iliyopita. Sasa nachoka mno, na hedhi imekatika.

Omba vipimo vya homoni, hasa kotisoli (homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa) na za tezi ya shingo, maana pituitari hudhoofika taratibu na huweza kuchukua miaka kadhaa kujitokeza. Vipimo hivyo hurudiwa kila mwaka hata kama MRI ni safi. Upungufu wa kotisoli ukithibitishwa utapewa vidonge vya kuifidia, na ukiwa na homa au ukitapika hata vidonge visikae tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo.