Kabla Hujanunua Hedifoni ya Amplifaya ya Valvu

Wanaoniuliza kuhusu amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, huanza na wati. Mimi huwarudisha kwenye omu. Amplifaya nyingi za valvu za bei nafuu hazina transfoma ya kutolea sauti, na impedansi yake upande wa kutolea, yaani ukinzani wa umeme unaopimwa kwa omu, huwa kubwa. Bottlehead Crack, kwa mfano, ina kama omu 120. Hedifoni unayochomeka inagawana volti na hizo omu.

Chukua hedifoni ya omu 32, za aina iliyojaa Kariakoo kwa kuwa zinafaa kwenye simu. Hapo inaambulia asilimia 21 ya volti, nyingine zinaishia ndani ya amplifaya. Hilo la sauti kuwa ndogo utaongeza tu. Shida yenyewe ni kwamba omu zilizoandikwa kwenye boksi hazibaki vilevile kwenye noti zote; hedifoni nyingi zenye koili, yaani waya uliosokotwa unaotikisa kiwambo cha sauti, hupanda kwenye besi. Ikipanda kutoka 32 hadi 100, besi inapata asilimia 45, yaani inazidi sauti nyingine kwa karibu desibeli 7. Piga rekodi ya zamani ya Mlimani Park uone: gitaa la besi linavimba, solo na rithimu vinafunikwa, mwimbaji anazama.

Sennheiser HD 650 ni ya omu 300, na kwenye besi inafika karibu 500. Kwa hesabu ileile, ongezeko ni kama desibeli 1. Besi inanenepa kidogo, na kwa muziki wa dansi naipenda hivyo kabisa.

Kuna kanuni inayotaka omu za hedifoni ziwe mara 8 ya zile za amplifaya. Kwa omu 120 ungehitaji 960, huzipati. Mara mbili na ushee inanitosha. Beyerdynamic DT 990 imetolewa ya 32, 80, 250 na 600, kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe namba kwenye boksi kabla hamjaanza kupatana bei.

Kama unayo ya omu 32 na unaipenda, baki nayo. Tafuta amplifaya mseto, yenye valvu mbele na transista upande wa kutolea, au ile yenye transfoma.

Ukiagiza amplifaya Marekani, hakikisha inakubali volti 230 za hapa, maana huko wanatumia 120. Na valvu zinatoa moto mwingi: kwa joto la Dar la Februari, usiifungie ndani ya kabati la TV.